Aliyemgawa Farasi Wangu

Tabasamu lilikuwa bado usoni mwangu wakati farasi wangu anagawiwa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilikuwa nimesimama mbele ya hema la mama, nimevaa gauni langu la meno ya paa, meno mia tatu, na kila paa hutoa mawili tu yanayofaa, kwa hiyo ujue kaka yangu alivyohangaika porini kwa ajili yangu. Nilikuwa nimepaka wekundu kwenye mstari wa nywele. Nilipendeza, nasema mwenyewe. Na mwanamume niliyempenda alishuka kutoka mgongoni mwa farasi wangu mbele ya kambi nzima, akaiweka hatamu mkononi mwa mzee Moshi Mrefu, akasema, "Baba, huyu ni wako."

Watu wakashangilia. Wanawake wakapiga vigelegele. Jirani yetu akanigusa kiwiko na kuninong'oneza, "Umepata mwanamume, Teka Ngao. Huyo ndiye mkono wazi hasa."

Mkono wazi, kwa farasi wangu.

Jina lake ni Mwewe Mkavu. Alikuwa amerudi siku mbili kabla, pamoja na vijana wengine wanane, kutoka nchi ya Walakota. Walikwenda kwa miguu kama wanavyokwenda wote wanaofuata farasi wa watu, na viatu alivyovaa nilimshonea mimi, jozi sita, kwa siri. Huko aliingia kwa tumbo katikati ya mahema ya adui akakata kamba ya farasi aliyefungwa mlangoni kwa mwenyewe. Kwetu Waapsaroka hilo si jambo dogo. Aliyelifanya anaweza kusimama mbele za watu akasema, na watu wakanyamaza. Lakini farasi wanaoletwa na msafara huwa ni wa kiongozi wa msafara, naye hugawa akipenda. Yule hakupenda. Basi Mwewe alirudi na sifa tupu na miguu iliyovimba.

Jana yake alinifuata mtoni nilipokwenda kuteka maji. Alisimama mbali kidogo, maana mama yangu ana macho marefu.

"Kesho Moshi Mrefu atanizungusha kambini," aliniambia.

"Nimesikia."

"Ni wa ukoo wa baba yangu. Ataniimbia mimi, Teka Ngao. Mimi."

"Nimesikia hilo pia. Kambi nzima imesikia. Mbwa nao wamesikia."

Alicheka, kisha akaacha. Alikuwa na namna ya kunitazama kwa upande, kama anayeogopa kunimaliza.

"Siwezi kuzungushwa kwa miguu," alisema.

"Sema basi ulichokuja kusema."

"Niazime Kijivu."

Niliinama nikateka maji kwanza. Si kwamba sikutaka. Nilijua maana yake. Mwanamume akionekana juu ya farasi wa msichana, tandiko lake na shanga zake, hakuna tena cha kuficha.

"Nikikuazima Kijivu watu wote watajua," nilimwambia.

"Nataka wajue."

Ewe msomaji, wewe ungemnyima? Mimi nilimpa. Nikamuuliza tu atamrudisha lini, akasema mara tu nyimbo zikiisha, atamleta mwenyewe mpaka mlangoni kwetu, mama amwone. Nilikwenda kulala nikiwa nimevimba kichwa kwa furaha.

Sasa nikueleze Kijivu alikuwa nani, ili usidhani nalilia kwato nne tu. Kaka yangu, Nyati Amesimama, alimleta kutoka vitani akiwa ndama wa farasi, jike mdogo, mguu umechanika. Wenzake walisema achinjwe. Kaka akanipa mimi. Nilimfundisha kupandwa ndani ya mto, maji yakiwa kifuani, ili akirukaruka achoke yeye nisiumie mimi, na nikanywa nusu ya mto ule kabla hajakubali. Baridi ile ya theluji ndefu, majani yalipofunikwa, nilibandua maganda ya miti kumlisha mpaka kucha zikatoka damu. Tandiko lake tulilitengeneza mimi na mama. Ukanda wa kifuani, wenye shanga za buluu, ulinichukua majira mawili ya baridi. Na kwetu farasi wa mwanamke ni wa mwanamke. Mume hamgusi, kaka hamgusi. Hata mtoto anayetambaa anajua hivyo.

Mwewe alijua. Alijua vizuri kabisa.

Isitoshe, nilimfungia zawadi. Mtu akiimbwa na mzee wa ukoo wa baba yake, lazima ampe kitu mwisho wa wimbo. Huwa ni blanketi, au shati, au podo la mishale. Na kwa kawaida anayeimbwa mwenyewe hata hahangaiki, ndugu zake ndio hujitokeza na kitu mkononi, mama au dada au mke, na kila mtu anaona kwamba kijana ana watu. Mwewe hakuwa na wa kujitokeza. Wazazi wake walikufa kwa ndui akiwa mdogo, bibi aliyemlea akafuata. Kwetu ukitaka kumtukana mtu asilale siku tatu, mwambie hana ndugu. Yeye aliambiwa hivyo tangu anacheza na pinde za vijiti. Kwa hiyo nilichukua ngozi ya nyati niliyoilainisha na kuipaka rangi kwa mikono yangu, nikaikunja, nikaifunga nyuma ya tandiko. Nikamwambia, "Ukimaliza, mpe mzee hii."

Ngozi ikaondoka pamoja na farasi. Hakuifungua hata kamba.

*

Kaka yangu hakungoja watu watawanyike. Aliingia hemani kwa mama, akaketi mahali pake, akaongea akitazama moto, kama kaka mwenye heshima anavyoongea na dada yake aliyekwisha kuwa mtu mzima.

"Kijivu ulimgawa wewe?"

"Hapana, kaka."

"Ulimruhusu agawe?"

"Nilimwazima tu."

"Basi nenda kamchukue."

Mama alikuwa anashona, na sindano yake ya mfupa ilikuwa inaingia kwenye ngozi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Nilisema," alisema. "Nikasemwa mimi mama mbaya. Mtoto aliyekua bila dada wa kumkemea huwa hivyo hivyo. Leo amegawa farasi wako hamjaoana. Mkioana atagawa hema, tulale nje tukishangiliwa."

"Mama, ni jasiri huyu," nilisema. Sijui kwa nini nilimtetea. Mdomo ulizoea.

"Ujasiri si ugonjwa, haumzuii mtu kuuliza."

Kaka akasema, "Mimi sikuwahi kumkataa. Nilisema ana mikono mizuri na hana watu, tutakuwa watu wake. Lakini asiyejua changu na chako simwoni akilala ndani ya hema moja na dada yangu. Nenda kabla jua halijavuka mlima. Usipokwenda nitakwenda mimi, na mimi sitaongea mengi."

Nilijua maana yake. Kaka akienda, uchumba utakuwa umekwisha, na huenda na meno ya mtu.

Kabla sijajibu, mlango ukafunuliwa na Ameuona Mto akaingia bila kukohoa. Ni mwanamke mnene wa makamo, ana kidomodomo, na baba yake na baba wa Mwewe walikuwa wa ukoo mmoja. Hiyo kwetu ina maana kwamba yeye na Mwewe ni watani. Anaweza kumsema lolote mbele ya kadamnasi, Mwewe hana ruhusa ya kununa. Alikaa chini akijipepea.

"Nimekuja kuuliza swali moja niende zangu," alisema. "Yule farasi ni wako, binti, au macho yangu yamezeeka?"

"Kwa nini unauliza, shangazi?"

"Nimeshatunga wimbo. Unaanza hivi: Wengine huwaibia Walakota, Mwewe humwibia mchumba." Akauimba kwa sauti ya puani. "Kisha wanawake wanaitikia: Adui ni nani hapo, jamani, adui ni nani?"

Mama akacheka mpaka uzi ukamtoka. Hata kaka alifunika mdomo. Mimi nilitaka kulia na kucheka kwa wakati mmoja.

"Utauimba lini?" nilimuuliza.

"Leo kwenye ngoma, ukinipa ruhusa. Siwezi kumwimba mtu kwa uvumi, utani una sheria zake. Wewe simama mbele za watu useme farasi ni wangu, mimi namaliza kazi. Ataitwa hivyo mpaka nywele zimtoke. Na kwa namna anavyozipaka mafuta zile nywele, hazitachelewa kutoka."

Alipoondoka nikabaki nikitazama mikono yangu. Nikimdai Kijivu, Mwewe atakuwa kichekesho cha kambi maisha yake yote, na mzee aliyemwita mwanawe atakuwa amepokea kitu cha wizi mbele za watu, hatamwita tena. Nikinyamaza, Kijivu amekwenda, na mimi nitaolewa na mtu aliyekwisha kujifunza kwamba changu kinachukulika mradi watu washangilie. Nilikuwa nampenda. Ningekuwa simpendi, jambo lenyewe lingekuwa jepesi.

*

Alikuja mwenyewe. Nilikuwa nyuma ya hema, nimelivua lile gauni, nakwangua ngozi mbichi iliyowambwa chini, maana mtu mwenye hasira ni heri awe na kitu cha kukwangua. Uso wake ulikuwa bado umepakwa weusi wa ushindi, na jasho lilikuwa limeuchora mistari.

"Teka Ngao, sikiliza kwanza."

"Nasikiliza. Masikio ninayo, farasi ndiye sina."

"Nitakuletea kumi."

"Kumi kutoka wapi? Utawaazima kwa nani safari hii?"

Akauma mdomo. Akachuchumaa ng'ambo ya ile ngozi, tukawa tunatazamana juu yake. Nilitamani kumfuta ule weusi kwa kiganja changu. Nikaendelea kukwangua.

"Aliniita mwanangu," alisema. "Mara nne, kila upande wa kambi. Wewe una mama, una kaka, wajomba zako wanajaza mahema matatu. Hujui. Mimi sijawahi kuitwa hivyo na mwanamume yeyote. Nilikuwa juu pale, namsikia, na watu wanatoka kwenye mahema kunitazama, wale wale walioniambia sina mtu. Ingekuwa wananiomba ngozi yangu ya mgongoni ningeivua."

Roho yangu ililegea, sitaficha. Niliona yule mtoto wa pinde za vijiti. Karibu nimshike mkono.

"Ungempa ile niliyokufungia," nilisema. "Ilikuwa nyuma yako, Mwewe. Ulikuwa unaiegemea."

"Ngozi hutoa mtu wa kawaida."

"Kumbe wewe si wa kawaida."

"Leo sikuwa."

"Na huo upekee wako nimeulisha mimi maganda ya miti."

Akainamisha kichwa. "Ni kweli."

"Sikiliza. Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka kwako. Umezunguka mara nne, mara tatu umenitazama, nikahisi watu wote wamesikia moyo wangu. Mara ya nne ukashuka ukatazama chini. Kwa nini hukunitazama? Ungeinua macho tu. Naapa kwa jua, ningekubali kwa kichwa. Nilikuwa nimejaa furaha kiasi hicho. Ningekupa Kijivu umgawe na ningerudi nyumbani nikiimba."

Aling'oa jani la nyasi.

"Hukuniona?"

"Nilikuona."

"Basi?"

Naweza kumsifu kwa jambo moja, hajui kusema uongo vizuri. "Niliogopa kukutazama," alisema, "kwa sababu ungeweza kukataa."

Niliweka chini kile kikwangulio. Mpaka hapo nilikuwa na hasira ya farasi. Nilidhani alisahau, kwamba wimbo ulimlewesha, kwamba ni pupa ya kijana. Kumbe alikuwa na akili zake timamu. Alipima kichwani, akaona mimi naweza kusema hapana, akaamua kwamba dawa ya hapana yangu ni kutoitazama.

"Kwa hiyo ulijua ni wizi," nilisema.

"Usitumie neno hilo."

"Nitumie lipi? Nichagulie."

"Nilidhani ungeelewa. Nilidhani mali yako na yangu itakuwa moja karibuni, kwa hiyo..."

"Ikiwa moja ndio haina tena mwenyewe? Na mimi nikiwa wako, utanigawa lini? Mzee gani akiimba vizuri?"

Akasimama kwa ghafla. "Basi nakwenda kwa Moshi Mrefu sasa hivi. Nitamwambia farasi si wangu. Nitasema mbele ya wote, wacheke wanavyotaka. Umeridhika?"

"Nenda."

Akageuka. Akapiga hatua mbili, ya tatu akaipunguza, akasimama. Alinipa mgongo. Nilitazama mabega yake mapana niliyoyapenda, na kisogo chake, na nikajua kwa uhakika kabisa kwamba anangoja nimwite. Mtu anayekwenda huwa anakwenda. Nilihesabu pumzi zangu mpaka saba kumpa nafasi. Hakuusogeza mguu.

"Kaa," nilisema. "Nitakwenda mimi."

Akashusha pumzi. Aliishusha yote, mabega yakateremka, na sijasahau sauti yake mpaka leo.

*

Nilivaa tena gauni langu. Mama aliniuliza kama nakwenda kudai farasi na mavazi ya ngoma, nikamwambia ndiyo. Akanifuata. Kaka akatufuata kwa mbali. Ameuona Mto alituona tukipita, akaacha chungu chake motoni, akaja akijifuta mikono kwenye nguo. Tulipofika kwa Moshi Mrefu tulikuwa watu kama thelathini, na Mwewe alikuwa ameshatangulia, amekaa miongoni mwa wazee, maana wazee walikuwa wamemsogezea nafasi.

Kijivu alikuwa amefungwa mlangoni. Vikongwe wawili walikuwa wanazipapasa shanga zake za kifuani na kuzisifu. Aliponinusa akainua kichwa akanikoromea kidogo, kama anaulizia maji.

Moshi Mrefu ni mzee mwembamba, jicho moja lina ukungu, lakini lile jingine linaona ya wawili. "Karibu, binti," alisema. "Umekuja kumtazama farasi wangu?"

"Nimekuja kukupa farasi, baba."

"Mbona ninaye tayari."

"Unaye, lakini hujapewa."

Mwewe akainamisha uso.

"Huyu ni farasi wangu," nilisema, na nilihakikisha hata walio nyuma wanasikia. "Kaka yangu alinipa, mimi nikamlea. Nilimwazima Mwewe Mkavu azungukie kambi. Hatamu uliyopokea asubuhi ilitoka kwenye mkono usio na farasi."

Nyuma yangu nilimsikia Ameuona Mto akivuta pumzi ya kuanzia wimbo.

"Subiri, shangazi, sijamaliza," nilisema bila kugeuka. "Asubuhi hukupewa. Sasa nakupa mimi, mwenye mali. Farasi, tandiko, shanga, na ngozi iliyofungwa nyuma. Natoa kwa heshima ya Mwewe Mkavu, aliyekata kamba katikati ya mahema ya Walakota. Mtu akiimbwa, ndugu zake ndio hutoa. Yeye alifanya haraka akatoa mwenyewe kwa sababu hajazoea kuwa na ndugu. Mtamsamehe, atajifunza."

Kikawa kicheko, lakini kicheko cha upole, kile ambacho mtu anaweza kuishi nacho. Mwewe aliinua uso na ulikuwa uso wa mtu aliyetolewa majini. Ameuona Mto akaniambia sikioni, "Umeninyang'anya wimbo, mtoto mbaya wewe," akanifinya mkono kwa mapenzi.

Moshi Mrefu hakucheka. Alinitazama kwa lile jicho zima.

"Umesema vema. Lakini unajua desturi. Anayetoa farasi kwa ajili ya mtu lazima aseme yeye ni nani kwake. Mama, mke, dada. Neno hilo huondoka pamoja na farasi, na yule mwingine akishaliitikia halirudi. Sasa wewe ni nani kwa Mwewe Mkavu?"

Kila mtu pale alijua jibu, au alidhani anajua. Mama alishika shavu. Kaka alikuwa ametulia. Na mimi, kwa kuwa nataka kusema kweli, nilitoka nyumbani na neno moja tu kifuani. Neno lenyewe lilikuwa mke. Nililibeba njia nzima pamoja na hasira yangu, vyote viwili, nikijiambia kwamba mtu anaweza kukasirika na akaolewa, wangapi wamefanya hivyo.

Nikamgeukia. Alikuwa anatabasamu, lakini hakuwa ananitabasamia mimi. Macho yake yalikuwa yanatembea kwenye nyuso za wazee, moja baada ya nyingine, yakikagua wamepokeaje. Farasi wangu anaondoka kwa ajili yake, jina langu linaondoka naye, na yeye anakagua wazee.

"Dada," nilisema.

Nilimsikia Kijivu akitafuna lijamu.

Sasa nataka uelewe jambo moja, kwa sababu wapo wanaosema nilimwonea. Neno lilikuwa halijaitikiwa. Aliweza kulikataa. Angesimama tu aseme, huyu si dada yangu, huyu nataka kumwoa. Hatamu ingerudi kwangu, wimbo ungeimbwa, wazee wangesogea wazibe ile nafasi waliyompa. Angekuwa tena kijana asiye na mtu ila mimi. Na mimi ningemfuata siku hiyo hiyo, naapa, mbele ya mama na kaka, hata kama tungevuka milima kwa miguu. Ndicho nilichokuwa nangoja. Nilisimama pale na meno yangu mia tatu ya paa nikiomba kimoyomoyo, likatae, likatae, likatae.

Alinitazama. Hatimaye alinitazama, na macho yalikuwa yamejaa maji. Alifungua mdomo. Nikaona jina langu limefika kwenye ulimi wake.

Moshi Mrefu akamwekea mkono begani. "Mwanangu," alimwambia, "dada yako anangoja."

Mwewe akautazama ule mkono. Akawatazama watu. Kisha akatazama chini, mahali pale pale alipotazama asubuhi.

"Asante," alisema. "Asante, dada."

Vigelegele vikapigwa, na mama yangu alipiga kuliko wote. Mzee akaanza wimbo, na majina yetu mawili yakaingia ndani yake, mtu na dada yake. Kaka yangu akapita mbele, akamkumbatia Mwewe kama anavyostahili kukumbatiwa ndugu mpya, akamwambia mahema yetu ni yake. Na kweli yalikuwa yake. Alikuwa amepata mama, kaka, wajomba wa kujaza mahema matatu. Hakuna mtu tena atakayemwambia lile tusi. Mimi na yeye hatutaketi tena wawili peke yetu mahali popote, wala kutaniana, wala kuitana mtoni, maana kaka na dada wazima hawafanyi hivyo.

Alisimama mbele yangu, hajui aweke wapi mikono yake. Watu walikuwa wanangoja nimjibu, kwa hiyo nikamjibu, kwa sauti, kama dada yeyote wa kambi ile angemjibu kaka yake.

"Hujala tangu asubuhi, kaka," nilimwambia. "Twende nyumbani. Mama atakupakulia."